Hedifoni HD 800 S au LCD-X? Moja imenisikilizisha pumzi ya marehemu baba, nyingine hakuna kitu

#1 Sanduku_la_Bati

Wakuu habari za humu. Nina jambo linanisumbua karibu mwezi mzima, wenye uzoefu naombeni mnisaidie.

Kazi yangu ni kurekodi na kumiksi kwaya hapa Dar, na pembeni nina kazi ya moyo, nahamisha kaseti za marehemu baba kuziingiza kwenye kompyuta. Baba alikuwa mpiga fidla wa taarabu Tanga miaka ya 70, kaacha kaseti 43 ndani ya sanduku la bati. Mpaka leo natumia hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro za omu 80 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), zimenilipia kodi ya nyumba miaka sita sina ugomvi nazo, ila kikoba kimevunjwa nimepata fungu langu na nimeamua ninunue kitu kimoja kikubwa nisirudie tena kutafuta. Nimebaki na mbili, Sennheiser HD 800 S na Audeze LCD-X.

Mwezi uliopita nilikuwa Dubai nikaingia duka moja wanakuachia ukae ujaribu. Nikavaa zote mbili, ampu (kikuza sauti) moja, faili moja la FLAC (sauti isiyopunguzwa ubora) nililotoa mwenyewe kwenye kaseti ya baba. Wimbo unaanza na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, peke yake, kanuni inanyamaza, kinapita kimya kidogo halafu fidla ya baba inaingia. Kwenye HD 800 S, ndani ya kile kimya, nikasikia mtu anavuta pumzi. Fupi, kama mtu anayejiandaa kunyanyua ndoo. Nikarudisha nyuma mara nne, ipo. Nikavaa LCD-X, sehemu ileile, haipo. Zilinipa vitu vingine, nilisikia kidole cha mpiga besi kinavyoachia uzi na dumbaki likawa na ngozi kweli, lakini pumzi hakuna. Hizo kaseti nazisikia tangu niko mtoto na sijawahi kukutana na hiyo pumzi.

Swali langu: kwa nini rekodi moja inatoa vitu viwili tofauti, na ipi kati ya hizi inasema kweli? Hela inatosha moja tu.

#2 Ngoja_Niketi

Naweka kiti hapa. Uzi wa maana huu.

#3 FundiWaIlala

Mkuu pole na hongera kwa kazi ya mzee. Jibu mbona rahisi. HD 800 ya mwanzo ya 2009 ilikuwa na kilima, yaani sauti za juu zimenyanyuka, pale kilohezi 6, ukisikiliza mtu anatamka "s" inakuchoma. Walipotoa HD 800 S mwaka 2016 waliweka kinyonyaji ndani ya draiva (kispika chenyewe) kukata hicho kilima, kikapungua lakini zile hedifoni bado ni za upande wa juu. Pumzi ya mtu inaishi hukohuko juu. LCD-X yenyewe imelala kidogo kuanzia katikati ya juu, vitu vidogo vya hewa vinajificha. Kwa hiyo HD 800 S haijakuonyesha kweli, imekuza eneo moja na wewe umebahatika pumzi ya mzee ilikuwa kwenye hilo eneo.

#4 Shungi_la_Maskati

Assalam aleikum. Mimi niko Maskati, LCD-X ninazo mwaka wa tatu na sizitoi. Draiva yake ni ngozi nyembamba bapa ya milimita 106 inayosukumwa na sumaku uso mzima, sio koni inayosukumwa katikati. Besi inashuka chini inakaa palepale haitikisiki. Ukimiksi ngoma na besi, hedifoni hii inakwambia ukweli mchungu. Ila nikuambie ndugu yangu, ni gramu 612. HD 800 S ni 330. Ukikaa nazo saa mbili shingo inajua. Na mito ya ngozi kwa joto letu la pwani uwe na kitambaa pembeni, mimi nafuta kila nusu saa hata kama AC inafanya kazi.

#5 Volti_na_Omu

Ndugu #1, kabla hatujafika kwenye pumzi, ulisawazisha sauti vipi ulipobadilisha? Naomba niandike hesabu.

LCD-X ni omu 20, wameandika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 103 kwa miliwati 1. Miliwati 1 kwenye omu 20 ni kama volti 0.14. HD 800 S ni omu 300, wameandika desibeli 102 kwa volti 1. Sasa ipe LCD-X hiyohiyo volti 1, itakula miliwati 50, na mara 50 ni nyongeza ya desibeli 17. Jumla 120. Yaani usipogusa kitufe cha sauti, LCD-X inapiga juu zaidi kwa desibeli 18 hivi. Hizo sio hedifoni mbili za kulinganisha kwa kubadilishana tu kichwani.

#6 Sanduku_la_Bati

@Volti_na_Omu asante. Nilipunguza mwenyewe, nilivaa LCD-X ikanirukia masikioni nikashusha haraka mpaka nikaona sawa.

#7 Volti_na_Omu

Hapo ndipo tatizo lilipo. Umeshusha mpaka "umeona sawa" na kilichokuongoza ni besi na dumbaki maana ndizo zilikurukia. Ukishusha kwa kufuata besi, vitu vidogo vya juu vinashuka navyo. Inawezekana kabisa pumzi ilikuwepo ila umeizamisha mwenyewe. Watu wa sauti hupima kwa mita, desibeli mbili zikizidi upande mmoja sikio linadanganyika, unasema "hii ina maelezo zaidi" kumbe ina sauti zaidi. Namheshimu @FundiWaIlala lakini kilima cha kilohezi 6 ni maelezo ya pili, la kwanza ni kitufe.

#8 FundiWaIlala

Hesabu yako siikatai. Ila soma tena, amesema alisikia mpaka uzi wa besi ukiachiwa. Sauti ndogo hiyo. Kama angekuwa ameshusha sana hata hiyo isingesikika.

#9 Buku_Tano

Samahanini wataalamu, kwani hicho kipande kiko wapi? Tuwekee tusikie na sisi tusio na milioni nne.

#10 Sanduku_la_Bati

Nimekata sekunde 9, nimepandisha hapa chini. Kanuni inanyamaza sekunde ya 4, fidla inaingia karibu na ya 6.

#11 Buku_Tano

Mkuu nimeisikia. Iafoni za kuchomeka, buku tano, Kariakoo mtaa wa Aggrey, chumbani mlango umefungwa feni imezimwa. Sekunde ya 5 na kitu hivi kuna "hhh" inapanda halafu fidla. Ipo kabisa.

#12 Ngoja_Niketi

Aisee uzi umeharibika mapema hivi 😂 milioni nne zimepigwa na buku tano.

#13 Shungi_la_Maskati

Mimi nimesikiliza kwa LCD-X zangu, ampu safi, usiku. Nimeisikia kwa shida, ikiwa nimeshaambiwa iko wapi. Nisingeambiwa ningepita. Ila hili la kuambiwa nalo lina maneno yake, mtu akishakuonyesha alama kwenye ukuta huwezi tena kutoiona.

#14 Nesi_wa_Masikio

Habarini. Nafanya kazi kliniki ya masikio, nichangie kwa upande wangu. Iafoni za kuchomeka zinaziba tundu, kelele za nje zinapungua. HD 800 S na LCD-X zote ni nyuma wazi, kelele za chumba zinaingia kama hujavaa kitu. Duka la Dubai lina AC kubwa, wateja wanaongea, muziki wa dukani. Pumzi ndogo inashindana na hizo kelele. Kwa hiyo @Buku_Tano kusikia sio ajabu hata kidogo.

La pili, @Sanduku_la_Bati una umri gani na ulipima masikio lini? Miaka inavyokwenda tunapoteza sauti za juu kwanza, na wanaofanya kazi na spika za kwaya wanawahi zaidi. Hedifoni yenye sauti za juu nyingi inamfidia mtu bila yeye kujua, anaona "hii ni wazi zaidi" kumbe inajaza shimo lake. Kila wiki naondoa nta sikioni kwa watu waliokuja wanadhani simu imeharibika. Na nawaomba wote, WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema kikomo ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, ukipandisha zaidi ya hapo saa zinapungua haraka sana.

#15 Sanduku_la_Bati

Dada asante. Nina 44. Sijapima tangu shule. Nitapima, hilo nakuahidi.

#16 mrefu_wa_Umoja

Niaje wasee, niko Nairobi. Mi niko na swali ingine, hiyo tape ilikuwa imehifadhiwa aje? Juu kuna kitu inaitwa kuchapana kwa tepu. Tepu ikikaa imezungushwa miaka mingi, tabaka moja linachapa sauti yake kwa tabaka lenye limelala juu yake, ni sumaku tu. Ukicheza unasikia mzuka wa sauti kabla sauti yenyewe ifike. Ndio maana studio za zamani walikuwa wanaweka reli (yale magurudumu makubwa ya tepu) zikiwa zimezungushwa mwisho wa wimbo ukiwa nje, ndio mzuka ukuje nyuma ya sauti ufichike badala ya kutangulia. Kimya halafu sauti kubwa, hapo ndio mzuka unaonekana zaidi, na clip yako ni hivyo exactly. Pole kusema hivi lakini hiyo inaweza kuwa si pumzi ya mzee wako.

#17 Kichwa_Kigumu

Hapo mi naongezea, mtandao huu unageuza kila faili kuwa MP3 (sauti iliyobanwa) ukipandisha. MP3 nayo ina mwangwi wa kutangulia, sauti ikilipuka ghafla unasikia ukungu kabla yake. Tunachosikia sisi inawezekana ni hicho.

#18 Volti_na_Omu

@Kichwa_Kigumu hapana, ukungu wa MP3 unatangulia kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kipande kimoja cha MP3 hakifiki hata milisekunde 30. Hii inatangulia fidla kwa muda mrefu zaidi. Na mwenye uzi aliisikia kwenye FLAC kabla hajapandisha popote.

Ila la @mrefu_wa_Umoja linapimika, hilo nalipenda. Kaseti inakwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Mzunguko mmoja wa tepu karibu na kiini ni kama sentimita 7, ukiwa umejaa unafika 15 na zaidi. Kwa hiyo mzuka wa kaseti unatangulia kwa sekunde moja na nusu hadi tatu na ushee. @Sanduku_la_Bati fungua faili, pima kutoka pumzi inapoanza mpaka upinde unapogusa uzi.

#19 Sanduku_la_Bati

Nimepima mara tatu. Sekunde 1.1.

#20 Volti_na_Omu

Basi ni fupi mno kuwa mzuka wa kaseti. Nimeridhika ni pumzi.

#21 mrefu_wa_Umoja

Ngoja kwanza buda. Hiyo kaseti ndio original ama ilinakiliwa kutoka kwa reli? Taarabu ya 70s haikurekodiwa na kaseti, walirekodi na reli ndio ikanakiliwa. Reli ikienda sentimita 19 kwa sekunde, mara 1.1 ni kama sentimita 21, huo ni mzunguko wa kipenyo cha sentimita 6 na nusu hivi, yaani karibu na kiini cha reli. Inaingia vizuri sana. Mzuka ulichapwa kwa reli, ukanakiliwa pamoja na wimbo.

#22 Sanduku_la_Bati

Imenakiliwa. Nyuma ya kaseti kuna mwandiko wa baba, kaandika "kutoka reli" na tarehe imefutika. Daah.

#23 Mwana_wa_Fidla

Wapendwa nipo Unguja, nimejiunga humu kwa ajili ya uzi huu tu. Fidla napiga kwenye kikundi miaka 17. Hayo mahesabu siyajui ila nataka kusema kitu kimoja: sisi wapiga fidla tunavuta pumzi kabla ya kuingia. Si kwa bahati mbaya, ndiyo ishara. Taarabu haina mtu wa kusimama mbele kupunga kijiti, kiongozi wa fidla anavuta pumzi kwa puani ya kusikika na upinde unapanda pamoja nayo, wenzake wanaingia naye. Mwalimu wangu alikuwa akinivuta sikio nisipopumua. Na pumzi hiyo haiji nusu sekunde kabla, inakuja kwa mwendo wa wimbo. Nimesikiliza kipande, wimbo ni wa taratibu, pigo moja la huo wimbo nimelihesabu linakaribia sekunde moja hivi. Pumzi imekaa pale ambapo mimi ningeivuta.

#24 Sanduku_la_Bati

Ndugu yangu wa Unguja umenifanya nikae kimya dakika nzima. Baba hakuwahi kunifundisha fidla, nilikuwa mdogo. Asante sana.

#25 FundiWaIlala

Naheshimu. Lakini tusisahau swali lilikuwa hedifoni. Na mi nina la kusema ambalo litawaudhi wauza hedifoni wote. Mkuu, hiyo deki unayochezea kaseti ulisawazisha kichwa (kile kinachosoma tepu) lini?

Sikiliza. Kichwa cha deki kikiinama hata unywele kuhusu tepu, sauti za juu zinakufa. Pumzi inakufa. Kila deki iliyorekodi iliinama kivyake, kwa hiyo kila kaseti inataka kusawazishwa kivyake. Pembeni ya kichwa kuna skrubu mbili, moja imekazwa, nyingine ina springi chini yake. Hiyo yenye springi ndiyo ya kugusa. Weka alama pale ilipo kwa rangi ya kucha ili ukipotea urudi. Bisibisi isiwe na sumaku. Piga kaseti, geuza sauti iwe mono (chaneli moja), zungusha polepole sana kushoto kulia mpaka kanuni ikate vizuri, utasikia kabisa inafunguka kama pazia limevutwa, ukipitiliza inaziba tena. Inatoka bure. Milioni nne zikinunua hedifoni juu ya deki iliyopinda unanunua kioo kizuri cha kutazamia dirisha chafu.

#26 Shungi_la_Maskati

Hili la fundi ni dhahabu. Nikazie na jingine, angalia kitufe cha Dolby, kile cha kupunguza mchakacho. Kama kaseti haikurekodiwa na Dolby na wewe umeiwasha, inakata vile vitu vidogo vya juu hasa pale palipo kimya.

#27 Sanduku_la_Bati

Dolby imezimwa, nina hakika. Kichwa sijawahi kukigusa. Nilinunua hiyo deki mtumba, sikujua kama kinaguswa. Jumamosi nafanya.

#28 Jirani_wa_Hannover

Salamu kutoka Ujerumani. Naishi Hannover, Wedemark ni hapo juu tu kaskazini, makao makuu ya Sennheiser yako huko. Kampuni ilianzia kijiji cha Wennebostel mwaka 1945 ikiitwa Labor W, hiyo W ni ya jina la kijiji. Mimi ninazo, nilinunua za mtu, na naomba niseme jambo ambalo halijasemwa. Kwenye HD 800 S draiva imewekwa mbali na sikio na imeinamishwa, kikombe ni kikubwa sikio haligusi popote. Kwa hiyo sauti inakuja kama inatoka mbele kidogo badala ya ndani ya fuvu. Vitu vinaachana. Kwenye rekodi yenye watu wengi kile kidogo kilichosimama pembeni kinapata nafasi yake. Naamini hiyo ndiyo sababu, sio kilima peke yake na sio kitufe peke yake. LCD-X inakuweka katikati ya bendi, HD 800 S inakuweka safu ya tatu.

#29 Kichwa_Kigumu

Sennheiser si wameuzia Wachina siku hizi?

#30 Jirani_wa_Hannover

Hapana. Upande wa hedifoni za wateja wa kawaida ulikwenda kwa Sonova ya Uswisi, hao ni watu wa vifaa vya kusaidia kusikia, ulihamia rasmi 2022. Upande wa maikrofoni na studio ulibaki na familia.

#31 Kichwa_Kigumu

Sawa mkuu nimekosea. Lakini Audeze ni ya Sony, hilo nina hakika.

#32 Jirani_wa_Hannover

Hilo kweli, Sony ya PlayStation ilitangaza kuinunua 2023.

#33 Volti_na_Omu

@Jirani_wa_Hannover "safu ya tatu" kwenye rekodi ya mono? Hiyo kaseti ni mono, wote wamekaa mbele ya maikrofoni moja au mbili. Hakuna pembeni.

#34 Jirani_wa_Hannover

Nimeshawahi kujaribu na mono, bado inaachana. Sijui kuieleza kwa hesabu lakini masikio yangu yananiambia. Na nina swali kwako, unatumia ampu gani? Maana HD 800 S ile omu 300 ni ya kuandikwa tu, karibu na hezi 100 inapanda inapita 600. Ukiiweka kwenye ampu ya taa (zile za valvu) yenye omu 100 kutoka ndani, besi inanyanyuka kidogo, zaidi ya desibeli moja. LCD-X haibadiliki maana planari (hiyo draiva yake bapa) ni omu 20 mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mtu wa ampu ya taa na mtu wa donglo la simu (kile kifaa kidogo cha kuchomekea hedifoni) wanabishana juu ya hedifoni mbili tofauti zenye jina moja.

#35 Mama_Kwaya_Mwanza

Mimi natoa ya kwangu fupi. Naongoza kwaya na mume wangu ndiye anayemiksi. Alinunua hedifoni za gharama za nyuma wazi, sitaji jina, tunaishi chumba na sebule. Akimiksi usiku mtoto anaamka kwa sababu sauti inatoka nje kama redio. Amerudi kwenye zilizofungwa. @Sanduku_la_Bati unaishi na nani?

#36 Sanduku_la_Bati

Nina chumba cha peke yake mama, kiko nyuma ya nyumba. Shida yangu ni jogoo wa jirani na feni. Feni nikizima najikuta nimelowa.

#37 Mzee_wa_Mkwakwani

Nawasalimu wote. Kijana mwenye uzi, mimi ni wa Tanga, miaka yangu 71. Siku hizo tulikuwa tunakaa dirishani kusikiliza wakifanya mazoezi. Sitaki kuuliza baba yako ni nani mbele za watu. Nataka kukuambia tu kwamba vyumba walivyorekodia havikuwa kama studio za leo. Madirisha yamefunikwa mablanketi, watu zaidi ya kumi ndani, joto, feni imezimwa kwa ajili ya kelele kama wewe. Kila mtu alikuwa anahema. Hiyo pumzi inaweza ikawa ya yeyote aliyekaa karibu na maikrofoni.

#38 Sanduku_la_Bati

Shikamoo mzee. Nimekuandikia faragha.

#39 Mzee_wa_Mkwakwani

Marahaba mwanangu. Nimeiona, nitakujibu baada ya swala.

#40 Sanduku_la_Bati

Wakuu ripoti. Jumamosi nimefanya kama @FundiWaIlala alivyosema. Rangi ya kucha nimeazima kwa mke wangu, nyekundu. Nimezungusha skrubu kama robo ya robo na kanuni ikafunguka, sina neno lingine, ikafunguka. Zile kucha za chuma za mpiga kanuni zinavyokwaruza uzi nilikuwa nadhani ni mchakacho wa kaseti. Nikarekodi upya kwa FLAC, nikavaa DT 770 zangu zilezile za kila siku. Pumzi ipo. Kwenye DT 770! Na haiko kama mwanzo, ina vipande viwili, kwanza kitu kikavu kama "kkh" halafu ndiyo ile ya hewa. Nimeweka kipande kipya juu pale, mkisikilize vyote viwili.

Fundi nakushukuru sana.

#41 FundiWaIlala

Pamoja mkuu. Kaseti 42 zimebaki, kila moja isawazishe. Na hedifoni usinunue mwezi huu.

#42 Mwana_wa_Fidla

Nimesikia kipya. Hiyo "kkh" ni nywele za upinde zikitua kwenye uzi kabla ya kuvutwa. Nazidi kuamini.

#43 mrefu_wa_Umoja

Mimi bado. Kama ni mzuka wa fidla ikiingia, mzuka pia ungeanza na upinde kutua. Ni kopi ya kile kinafuata. Weka vipande viwili moja juu ya ingine, mzuka na mwanzo wa fidla, uone kama vinafanana umbo.

#44 Sanduku_la_Bati

Nimeviweka. Mchakacho ni mwingi, mwanzo vinafanana, kisha vinaachana. Sioni vizuri.

#45 Shungi_la_Maskati

Na bado hujajibiwa swali lako ndugu yangu. Mimi kura yangu ni LCD-X kwa ajili ya kwaya, maana ndiyo inayokulisha. Toleo la 2021 walishusha bei hadi dola 1,199, chenji inayobaki nunua ampu. Ila kodi ya Dar mjuavyo, ongeza ile asilimia 18 ya VAT kabla hujapanga chochote.

#46 Jirani_wa_Hannover

Kura yangu HD 800 S kwa ajili ya sanduku la bati. Kwaya inaweza kuendelea na DT 770, hata @Mama_Kwaya_Mwanza amesema zilizofungwa ndizo za kazi. Kaseti za baba hazirudi tena.

#47 Nesi_wa_Masikio

Umepima masikio?

#48 Sanduku_la_Bati

Jumanne nina miadi dada. Sijasahau.

Wakuu, jana nilisafiri Tanga nikamwekea mama kipande kwa DT 770. Sikumwambia chochote, nilimpigia tu wimbo tangu kanuni. Pumzi ilipofika akatabasamu. Nikamuuliza umesikia nini, akasema, "Baba yako huyo, anavuta kiti." Nikamwambia mama hiyo ni pumzi. Akasema hapana, baba yako alikuwa hawezi kuanza kupiga mpaka avute kiti mbele kwa mguu, hata hapa sebuleni, alimaliza sakafu yote kwa kuvuta kiti. Akataka nirudie. Nimemrudishia kama mara kumi.

#49 Mwana_wa_Fidla

Kiti na pumzi vyaweza kuwa pamoja. Mtu akivuta kiti anahema.

#50 Mzee_wa_Mkwakwani

Viti vya pale vilikuwa vya chuma, sakafu ya saruji. Kingelia.

#51 Volti_na_Omu

Samahani kuuliza kitu kidogo, mama alivaa hedifoni moja kwa moja masikioni au juu ya mtandio? Kitambaa kinazuia mto usishike, besi inavuja na sauti za juu zinabadilika. Inaweza kubadili kabisa alichosikia.

#52 Sanduku_la_Bati

Juu ya mtandio mkuu. Naenda tena Tanga mwisho wa mwezi, nitamwomba asikilize bila mtandio, na nitabeba kiti cha chuma.